Panya wako ana uvimbe: jinsi ya kujua kama saa ya kumpumzisha imefika

Ukiushika uvimbe leo, usiamue leo. Panya mwenye kinundu kwapani ambaye bado anakula, anapanda ngazi za tundu lake na kumpora mwenzake karanga, hahitaji sindano ya mwisho usiku huu. Anahitaji miadi na daktari wa wanyama ndani ya siku chache, na wewe unahitaji daftari na mizani ya jikoni. Uamuzi wenyewe utakuja baadaye, na ni afadhali ukukute umekaa mezani kwako kuliko ukukute umesimama kaunta ya kliniki huku mtoto analia pembeni.

Naandika kwa wazazi wenzangu tulioko huku Uingereza ambao watoto wetu wametuletea panya ndani ya nyumba. Mimi ni mtu wa Tanga, naendesha basi la abiria hapa Leicester. Binti yangu alipoomba panya nilidhani ananitania. Leo nimeshazika majike wawili, ndugu wa tumbo moja, Karafuu na Tangawizi. Wote waliondoka kwa uvimbe, mmoja wa kichwani usioonekana na mmoja wa nje uliokuwa unaonekana hadi dirishani. Ndugu yao wa tatu, Iliki, bado ananipanda begani nikirudi kutoka zamu. Panya wa kufugwa anaishi miaka miwili hadi mitatu, na majike hupata uvimbe sana, kwa hiyo anayewafuga ajue mapema kwamba swali hili litamgongea mlango.

Dada yangu wa Tanga nilipomwambia nimetoka kumpeleka panya hospitali alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, kwani huko madukani sumu ya panya imekwisha?" Nikamkumbusha Magawa, yule panya buku aliyefundishwa Morogoro na shirika la APOPO lililopo Chuo Kikuu cha Sokoine, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la hapa hapa Uingereza linalotibu wanyama. Alipostaafu alitunzwa mpaka akafa Januari 2022 akiwa na miaka 8. Dada akanijibu, "Huyo alikuwa na kazi." Haya, wa kwetu hana kazi. Ila tulimleta nyumbani kwa hiari yetu, na sheria ya hapa ya ustawi wa wanyama ya 2006 inamtaka mfugaji amlinde na mateso mnyama wake yeyote mwenye uti wa mgongo, awe farasi au panya.

Kwanza ujue ni uvimbe gani

Si kila kinundu ni uvimbe wa kuogopa. Jipu huja upesi, aghalabu kwa siku mbili tatu, huwa na moto, panya anaruka ukimgusa, na ukipekua manyoya unakuta kigaga au alama ya meno, maana hawa hugombana. Daktari akichoma sindano nyembamba unatoka usaha, panasafishwa, dawa inaandikwa, mnarudi nyumbani. Usilikamue mwenyewe.

Kwa jike, uvimbe unaoongoza ni wa tezi za maziwa. Panya jike ana chuchu 12, na tezi zake hazikukaa kifuani peke yake: zimetandaa kutoka shingoni mpaka kinenani, zikapanda na ubavuni. Ndiyo maana mtu anashangaa kuambiwa kwamba kinundu kilicho karibu na bega au chini ya mkia ni cha titi. Sehemu kubwa ya uvimbe huo ni aina iitwayo fibroadenoma, ambayo haisambai kwenda mapafuni wala kwenye ini. Watu wakisikia hivyo wanapumua. Lakini haiachi kukua. Inaanza saizi ya harage na inaweza kufika yai la kuku, hata kuzidi. Inamwumiza kwa uzito wake na kwa mahali ilipo: inamzuia kusogeza mguu, inaburura chini, ngozi inavutwa mpaka inapasuka, na chakula anachokula kinakwenda kuulisha uvimbe badala ya mwili.

Uvimbe mbaya ni wachache zaidi, na mara nyingi ni mgumu, umeshikana na nyama ya chini, ukiusukuma kwa kidole hausogei. Dume naye akipata uvimbe, usidhani moja kwa moja ni ule wa kawaida wa majike, mwahi daktari. Na ukikuta uvimbe chini ya sikio, kwenye tezi iitwayo Zymbal, mara nyingi huo ni saratani, hupasuka na kunuka, na muda wenu pamoja si mrefu.

Kisha kuna ule usioshikika. Karafuu hakuwa na kinundu hata kimoja. Alianza kwa kushindwa kushika biskuti kwa mikono miwili, akawa anaibana sakafuni na kuitafuna hivyo hivyo. Baadaye mikono ya mbele ikawa inanyooka na kukakamaa, akawa anapepesuka, anasukuma kichwa kwenye kona ya tundu. Huo ni uvimbe wa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na majike wazee huupata sana. Daktari alimjaribu kwa steroidi pamoja na kabegolini, dawa ya binadamu inayoshusha homoni ya maziwa. Zilimrudisha, akashika tena chakula chake, akapanda tena ngazi, na kwa muda tukadhani tumepona. Zilipoacha kumsaidia aliporomoka haraka. Kwa uvimbe wa namna hii sikushauri ungoje dalili ya pili ya kurudi nyuma: dawa zikishindwa, piga simu siku hiyo.

Kupasua au kutopasua

Uvimbe wa Tangawizi tuliukuta akiwa na mwaka na nusu hivi, kwapa la kushoto, unateleza chini ya ngozi ukiusukuma. Daktari akasema unatoka, nasi tukakubali. Yaliyotushawishi ni kwamba umri ulikuwa bado, uvimbe ulikuwa mdogo, na pumzi yake ilikuwa safi. Hilo la pumzi usilidharau. Panya wengi wa kufugwa hubeba vijidudu vya mapafu maisha yao yote, na yule anayekoroma akiwa amekaa tu yuko hatarini zaidi akipewa gesi ya usingizi.

Uliza kliniki kama wamezoea kupasua panya, kama wanamtia joto wakati wa upasuaji na baada yake, na kama utapewa dawa ya maumivu ya kuondoka nayo. Ukiambiwa umlaze na njaa tangu usiku, omba uzungumze na daktari mwenyewe. Panya hawezi kutapika, kwa hiyo ile sababu ya kumfungisha mbwa kabla ya upasuaji kwake haipo, na mwili mdogo hivyo ukikaa bila chakula unaishiwa nguvu upesi.

Kuhusu pesa: panya dukani ni pauni chache, na kisu kinaweza kufika pauni mia kadhaa. Sioni aibu kusema fedha ni sehemu ya uamuzi. Mtu ana kodi ya nyumba na watoto wa kulisha. Akimpa panya wake dawa ya maumivu na kumpumzisha kwa wakati, amemtendea haki yake yote. Ninayemlaumu ni yule anayesema anakusanya pesa ya upasuaji, miezi inapita, na katikati ya hapo mnyama hapati hata tone la dawa.

Uvimbe wa pili wa Tangawizi ulitokea kinenani, upande wa kulia, miezi kadhaa baada ya wa kwanza. Hilo ni kawaida, kwa sababu tezi zinazobaki ni nyingi. Safari hii alikuwa amevuka miaka miwili na kifua kinakoroma. Tukasema hapasuliwi tena. Kutopasua nako kuna kazi yake: dawa ya maumivu ya maji tuliyoandikiwa na daktari, kila siku bila kuruka, tundu la ghorofa moja, chakula na maji chini, mahali ambapo hatapanda, blanketi laini sakafuni badala ya vipande vya mbao, na kucha zikatwe asijikwaruze uvimbe. Usimkadirie dawa zako za kabatini. Kipimo chake kinapigwa kwa gramu, na tone moja la ziada kwake ni jambo kubwa.

Daftari, mizani na vidole vyako

Hapa ndipo uamuzi unapotengenezwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpime kila wiki, na uvimbe ukishika kasi mpime kila baada ya siku mbili. Jike mzima huwa na gramu kama 250 hadi 350. Lakini mizani ina uongo wake: uvimbe unanenepa, mwili unakonda, namba inabaki pale pale. Tangawizi alikaa kwenye gramu 320 wiki baada ya wiki, mama watoto akifurahi kwamba mgonjwa hapungui, na mimi nikipitisha kidole mgongoni nahesabu pingili. Basi kila ukimpima, mpapase: uti wa mgongo, mifupa ya nyonga, na mapaja. Andika kwa maneno mepesi: nyama ipo, mfupa unaonekana, mfupa mtupu. Uvimbe wenyewe uzungushie uzi kisha uuweke uzi kwenye rula.

Chagua na saa ya kumtazama. Panya huchangamka magharibi, usiku na alfajiri. Ukimchungulia saa saba ya mchana amejikunja, hujajifunza lolote. Kila panya saa hiyo amejikunja. Mimi zamu zangu zilinisaidia, natoka au narudi wakati wengine wamelala, na saa kumi na moja alfajiri ndipo nilipoona Tangawizi anaanza kula akiwa amelala ubavu.

Mnyama huyu ni windo la kila kitu, kwa hiyo amezaliwa na ujuzi wa kuficha maumivu. Usitegemee kilio, akilia, mambo yamekwenda mbali. Mwaka 2011 watafiti walichapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye sura ya panya, na yaliyomo mtu wa kawaida anaweza kuyaona: macho yanasinyaa, pua na mashavu yanapoteza mviringo na kulala bapa, masikio yanajikunja na kuelekea nje, masharubu yanakakamaa. Ili uyaone lazima uwe na cha kulinganisha. Mpige picha akiwa mzima, usoni na ubavuni, uziweke. Bila picha hizo utamzoea kidogo kidogo na utaapa kwamba sura yake ndiyo ile ile.

Utaona pia machozi mekundu. Si damu, ni rangi inayotoka kwenye tezi ya nyuma ya jicho, na panya mzima hujipangusa kabla hujaiona. Ikiwa inaganda kuzunguka macho na pua kila asubuhi, ama hana raha ama hana nguvu ya kujisafisha, na yote mawili yaingie daftarini. Manyoya yaliyosimama na mgongo uliopinda navyo viandike. Kusaga meno kunachanganya, maana panya anasaga akifurahi na anasaga akiumwa. Mtazame mwili mzima ndipo useme.

Sasa lile ninaloliona la maana kuliko yote. Chukua karatasi uandike mambo ambayo panya *wako*, huyo na si mwingine, huyafanya kila siku. Ya Tangawizi yalikuwa haya: kuja mlangoni akisikia funguo, kuiba soksi na kuzipeleka chini ya kochi, kumfukuza Iliki kwenye bembea ya kitambaa, kushika ndizi mwenyewe, na kujilamba mgongo mpaka kiunoni. Kila jambo likikatika, weka tarehe. La soksi lilikatika kwanza na sikulijali sana, kwani uzee nao una lake. Aliposhindwa kujilamba mgongo manyoya yakawa ya mafuta na manjano, hapo nikajua uvimbe umeanza kutawala.

Kuna na kipimo cha alama cha Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, alichokitoa mwaka 2004. Kina mambo saba: maumivu, kula, maji, usafi, furaha, mwendo, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila moja unalipa alama kutoka 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 maisha yanahesabiwa bado yana afadhali. Tulikijaza mimi, mama watoto na binti, kila mtu kwa siri. Kilitufaa kwa jambo moja: tuligundua kwamba tulikuwa hatubishani kuhusu maumivu, tulikuwa tunabishana kuhusu furaha. Ile jumla yenyewe siiamini. Panya anayepigania pumzi anaweza kupata 40 kwa mengine yote, na ile sifuri moja inatosha kumaliza maneno.

Jihadhari pia na kipimo cha kitu kitamu. Watu husema, "Bado ana hamu, amelamba mtindi." Panya atalamba mtindi mpaka saa yake ya mwisho. Mwekee chakula chake cha kila siku, upime kilichobaki asubuhi.

Weka mpaka kabla ya kuufikia

Tangawizi akiwa bado anakimbia sebuleni, tulikaa tukaandika: tutampumzisha ngozi ya uvimbe ikipasuka, au akikaa siku nzima bila kula mwenyewe hata chakula laini, au mguu ukiwa hautumiki kiasi cha kulala kwenye mkojo wake, au mambo matatu ya orodha yake yakikatika huku anapata dawa. Karatasi ikabandikwa kwenye friji. Sababu ya kuiandika mapema ni kwamba siku ikifika kila mtu anajisogezea mpaka wake, leo kesho, leo kesho, na anayelipa ni panya.

Yapo pia ambayo hayangoji karatasi. Anapumua mdomo wazi na mbavu zinaingia ndani, mwili wa baridi na legelege, damu isiyokatika, degedege: hayo ni ya daktari wa zamu ya usiku, sasa hivi. Namba yake iwe kwenye simu yako kabla ya kuihitaji.

Kwetu ilikwenda hivi. Ngozi juu ya uvimbe ilianza kung'aa, ikawa ya zambarau mahali pamoja. Binti akasema, "Lakini baba, bado anakula." Ni kweli alikuwa anakula. Karatasi ya friji ilisema ngozi ikipasuka, na ilikuwa haijapasuka. Daktari alipoishika akasema ni suala la siku tu. Sote watatu hatukuona kwa nini Tangawizi asubirishwe kidonda ili sisi tuwe tumetimiza karatasi.

Maneno ya watu

Wapo watakaokuambia umwache Mungu amchukue mwenyewe. Wanasema kwa nia njema, na wengi wanamwaza panya anayekutwa asubuhi amelala, basi. Kwa uvimbe mara nyingi haiwi hivyo. Anakufa kwa njaa ya taratibu, au kwa kidonda kinachooza, au kwa kukosa pumzi, na hayo huchukua siku. Sisi Waislamu tumelelewa kwamba hata anayechinja anoe kisu vizuri, asimwonyeshe mnyama kisu hicho. Kwangu hilo lilitosha; wewe muulize unayemwamini katika dini yako.

Mtoto naye. Binti alipewa nafasi ya kusema, kuandika orodha na kuchagua siku kati ya siku mbili, lakini neno la "ndiyo" nililisema mimi. Usimtwishe mtoto wa miaka kumi na miwili jambo atakalojiuliza akiwa na miaka thelathini. Na mwambie atakufa. Ukimwambia atalazwa usingizi, wewe ndiye utakayekesha naye wiki nzima akiogopa kufumba macho.

Siku yenyewe

Piga simu kliniki mapema, wiki kadhaa kabla kama unaweza, uulize namna wanavyofanya. Unachotaka kusikia ni hiki: panya anawekwa kwenye kisanduku kidogo chenye gesi ya usingizi mpaka apoteze fahamu kabisa, ndipo anapigwa sindano ya pentobabitali. Sindano ya moyoni kwa panya aliye macho usiikubali. Kliniki nyingine zimezoea mbwa na paka tu, na ni afadhali ulijue hilo wakati bado una muda wa kutafuta nyingine. Ada ya kumpumzisha mnyama mdogo ni makumi ya pauni. Uliza kabla, ulipe kabla, usije ukatafuta kadi mfukoni huku macho yamejaa.

Omba miadi ya mwisho wa siku. Ngojea garini, kwani ukumbi umejaa harufu ya mbwa na paka. Mpeleke kwa blanketi lake lisilofuliwa, na kama ana mwenzake waende pamoja. Hakuna haja ya kumfungisha, mpe anachopenda. Tangawizi alikula yai na ndizi njia nzima kutoka kwetu mpaka kliniki, akiwa mapajani kwa binti.

Gesi ikifunguliwa anaweza kunusanusa, kusimama, kupepesuka. Kisha analala. Uliza kama mnaruhusiwa kubaki mpaka sindano. Wengine wanaruhusu, wengine wanamchukua chumba cha nyuma. Baada ya hapo macho hubaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na pengine mwili unavuta pumzi moja ya ghafla. Hiyo ni misuli tu, yeye hayupo. Daktari atasikiliza moyo kabla ya kukwambia amekwisha, na una haki ya kumwomba asikilize mara ya pili.

Nyumbani usijaribu. Friji ya barafu, ndoo ya maji, sumu, au ile gesi ya kuchanganya siki na magadi, zote ni mateso. Gesi hiyo inamchoma puani na machoni kabla ya kumfikisha popote. Aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa apige simu kwenye kliniki za wanyama wadogo na aseme wazi ni panya wa kufugwa, wasije wakadhani anataka dawa ya kuua panya. Wenye hospitali za vyuo karibu, Sokoine kule Morogoro na Kabete kule Nairobi, waanzie hapo.

Waliobaki

Mrudishe nyumbani kwanza wenzake wamwone. Tulimweka tunduni kwenye blanketi, Iliki akamnusa, akamlamba sikio, akamvuta kidogo, kisha akaenda kula. Wengine hawajali kabisa. Wasiomwona mwenzao huweza kumtafuta kwa siku kadhaa.

Kuzika kwenye bustani yako kunaruhusiwa hapa. Kama umepanga, mwombe mwenye nyumba. Chimba zaidi ya nusu mita na weka jiwe juu. Leicester ina mbweha wengi, na ile pentobabitali hubaki mwilini: mnyama atakayemfukua na kumla anaweza kudhurika. Usiye na bustani, kliniki hupanga kuchomwa, kwa pamoja na wengine kwa bei nafuu au peke yake ukarudishiwa majivu.

Panya haishi peke yake vizuri, kwa hiyo aliyebaki mmoja atafutiwe mpango. Sisi tulichukua vijana wawili badala ya mmoja, wachezeane wao kwa wao wakati bibi Iliki anataka kulala. Tuliwaweka chumba kingine wiki mbili kwanza wasimletee maradhi, kisha wakakutana kwenye bafu kavu, mahali ambapo hakuna mwenye nyumba. Siku hizi kila Jumapili nawapapasa wote watatu kutoka shingoni mpaka kinenani, na hao wadogo nimeshamuuliza daktari kuhusu kuwafunga kizazi, maana jike aliyefungwa angali mdogo hupata uvimbe wa maziwa mara chache zaidi. Amesema niwalete wakifika uzito unaotosha kwa gesi ya usingizi.